Klachi Gani?

Mteja akifika kwenye kaunta ya duka la spea pale Gerezani, Dar es Salaam, akasema anataka klachi ya kirikuu, muuzaji mzoefu hatamtajia bei. Atamuuliza kwanza: "Klachi gani, kaka? Pleti, presha, au seti nzima?" Mteja akisita, swali la pili linafuata: "Fundi wako kakuagiza nini hasa?" Hapo simu inatolewa, fundi anapigiwa, na kuanzia dakika hiyo vinatafutwa vitu viwili kwa pamoja, kipuri na jina lake.

Swali la muuzaji huyo ni swali la istilahi, na lina gharama. Klachi imejificha kati ya injini na giaboksi. Kuifikia lazima giaboksi ishushwe, na kazi hiyo inaweza kula nusu siku au siku nzima ya fundi na msaidizi wake. Kipuri kisichofaa kikishapakwa grisi hakirudi dukani kirahisi. Kwa hiyo aliyekosea jina atalipia kipuri mara mbili, na huenda akalipia ushushaji wa giaboksi mara mbili pia. Ni makosa machache ya msamiati yanayomtoza mtu pesa namna hiyo, na ndiyo maana naamini istilahi ya kitu kama hiki ipimwe pale kaunta. Ikimwezesha mtu kuondoka na kipuri sahihi, ni nzuri. Isipomwezesha, haifai hata ikiwa imepitishwa na kikao.

Nimechagua kirikuu makusudi. Watanzania wamelipa jina hilo gari dogo la mizigo kutoka Japani, hasa Suzuki Carry, lenye kibati nyuma na pua fupi mbele. Huko kwao magari ya daraja hilo yana mipaka ya kisheria: urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, injini sentimita za ujazo 660, na mzigo kilo 350. Carry imekuwa ikitengenezwa tangu 1961, na nyingi zinazotufikia ni za gia za mkono. Huku kwetu hubeba vitunguu, madumu ya maji, magodoro, matofali, na wakati mwingine harusi nzima na vyombo vyake. Aliyeipimia klachi yake alihesabu kilo 350. Anayeipakia sokoni hahesabu. Basi klachi ya kirikuu huisha mapema kuliko ilivyokusudiwa, na jina lake hutajwa madukani mara nyingi kuliko majina ya vipuri vingi vingine.

Lakini jina hilo hutajwa na watu watatu wenye maana tatu. Dereva akisema klachi anamaanisha pedali ya kushoto. Kwa muuzaji, klachi ni pleti, ile sahani yenye utando unaosuguliwa. Fundi naye anamaanisha mfumo mzima, kuanzia pedali hadi meno ya shafti ya giaboksi. Wote watatu wako sahihi, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Tuanze na kazi inayofanywa na klachi, kwa sababu vitenzi vyake ni vizuri kuliko nomino zake. Injini ikiwaka inazunguka muda wote. Magurudumu lazima yaweze kusimama. Kati yao panahitajika kitu cha kuunganisha na kutenganisha bila kuzima injini. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, fulawili. Mbele ya giaboksi kuna shafti yenye meno. Katikati ya viwili hivyo imo pleti ya klachi, ambayo imevaa meno ya shafti na inaweza kuteleza juu yake mbele na nyuma. Nyuma ya pleti kuna kifuniko chenye springi kali, kimefungwa kwa bolti kwenye fulawili, nacho kinaibana pleti dhidi ya fulawili kwa nguvu kubwa. Hapo vyote huzunguka kama kitu kimoja. Dereva akikanyaga pedali, waya unavuta uma, uma unasukuma beringi, beringi inakandamiza vidole vya springi, na pleti inabaki huru.

Kwa ufupi: ukikanyaga, inaachia, ukiachia, inashika. Kila aliyefundishwa kuendesha gari la gia za mkono amewahi kuchanganywa na hilo. Mguu ukikanyaga breki, breki inashika. Ukikanyaga mafuta, gari linakwenda. Klachi peke yake hufanya kazi pale mguu unapoondoka. Mwalimu wa udereva anaposema "achia klachi taratibu", amri yenyewe ni ya kushikisha. Kiswahili kinabeba jambo hili bila taabu kwa sababu kushika na kuachia ni jozi ya kila siku kwetu, ya mkono na kamba, ya mama na mtoto anayejifunza kutembea.

Lugha nyingine zimegawanyika kuhusu upande gani wa jozi hiyo utoe jina. Waingereza walichukua kushika: neno lao linatokana na kitenzi cha kale, clyccan, kukunja vidole na kukamata. Wajerumani walichukua kuunganisha, wakasema Kupplung. Wafaransa wana majina mawili, embrayage kwa kuunga na débrayage kwa kuachia, na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Waturuki waliazima lile la kuachia wakapata debriyaj, na Wamisri pia wakaliingiza kwenye Kiarabu chao cha mitaani. Kwa Wafaransa kifaa kimoja kina jina la kushika na tendo lake la kinyume lina jina la kuachia. Kwa waliowaazima tendo la kinyume ndilo jina la kifaa. Kwenye nchi za Ghuba, ambako Waswahili wengi wa Oman wanaendesha magari, neno ni la Kiingereza lililovaa sauti za Kiarabu. Wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi wanapokwenda kwa fundi hutumia la Kifaransa. Sisi wa pwani na bara ya Tanzania na Kenya tuliazima la Kiingereza, tukaongeza irabu mwishoni, tukapata klachi.

Je, tungeweza kuwa na letu? Gari lilipofika huku halikukuta lugha tupu. Pwani ilikuwa na msamiati wa vyombo vya bahari uliokomaa kwa karne nyingi, nao ulipanda nchi kavu pamoja na abiria na shehena. Usukani wa jahazi ukawa usukani wa gari. Kupakia, kupakua, chombo, nahodha wa safari, vyote vilihama au vilikuwa tayari kuhama. Lakini jahazi halina klachi. Upepo haukatwi kwa pedali, tanga linashushwa. Hata kinu cha kukamua mafuta ya ufuta kilichozungushwa na ngamia katika miji ya pwani hakikuhitaji kifaa cha kutenganisha, kwa kuwa ngamia mwenyewe husimamishwa. Kwa hiyo hapakuwa na kitu cha zamani cha kukopesha jina, na kuazima kulikuwa jambo la haki. Klachi ni neno zuri: fupi, linatamkika kutoka Kigoma hadi Lamu, na limezaa misemo yake. Sioni sababu ya kulihamisha.

Tatizo liko ndani ya klachi, kwenye majina ya sehemu zake. Mafundi waliazima majina hayo yakiwa mazima: klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi, masta silinda. Sikiliza mpangilio wake. Katika Kiswahili neno kuu hutangulia na sifa hufuata: pleti ya klachi, gari la mizigo, simu ya mkononi. Katika majina haya sifa imetangulia na neno kuu limekuja nyuma, kama lilivyo kwa Waingereza. Hayakutusumbua masikioni kwa sababu maneno yote mawili yameingia kwenye ngeli ileile ya i-zi, kwa hiyo upatanisho hauvunjiki: klachi pleti imeisha, klachi pleti zimeisha. Sarufi ilinyamaza, na mpangilio wa kigeni ukapita.

Lakini sarufi iliyonyamaza hapo imezungumza kaunta. Mswahili akifupisha jina hubakiza neno la kwanza, kwa sababu amezoea kwamba neno la kwanza ndilo kuu. Simu ya mkononi inakuwa simu. Gari la mizigo linakuwa gari. Akifanya vivyo hivyo kwa klachi pleti, anabaki na klachi, na pleti, ambayo ndiyo kitu chenyewe, imepotea njiani. Presha pleti inabaki presha. Rilizi beringi inabaki rilizi. Muuzaji anapouliza "klachi gani?" anatafuta neno kuu lililodondoka. Ndiyo maana naona kugeuza mpangilio tu, bila kubuni neno hata moja jipya, kungeondoa nusu ya utata: sema pleti ya klachi, ukifupisha utabaki na pleti, sema beringi ya klachi, utabaki na beringi. Kilichobaki mkononi kitakuwa kitu kinachoshikika.

Sasa tuviangalie vipuri vyenyewe, maana jina bila kipimo halinunui kitu.

Pleti ya klachi kwa nje ni duara la chuma chembamba lililofunikwa pande zote mbili kwa utando wa msuguano, uliopigwa riveti. Msuguano ni neno ninalolihusudu kuliko yote katika fani hii. Limetoka kwenye kusugua, likatiwa kiambishi cha kutendana, likatuambia kwamba vitu viwili vinasuguana, na hakuna anayesugua peke yake. Klachi ndivyo ilivyo: fulawili huliwa pia, polepole. Kuhusu utando wenyewe kuna anayependekeza bitana, neno la washonaji kwa kitambaa cha ndani ya koti. Nalipenda neno hilo, lakini bitana kazi yake ni kujificha ndani, na huu utando uko nje ukikabili chuma. Utando linatosha.

Waingereza walikuwa na fundi wao, Herbert Frood, aliyeanza mwaka 1897 kutengeneza vitambaa vya kusugulia breki, na kutokana na jina lake ikazaliwa chapa ya Ferodo. Katika Kihispania na Kitaliano ferodo sasa ni nomino ya kawaida ya utando wa aina hiyo, wa mtengenezaji yeyote. Utando wa zamani ulichanganywa na asbesto. Vumbi la asbesto huua mapafu taratibu, na Japani iliipiga marufuku kwenye klachi na breki mwaka 2004, Umoja wa Ulaya ukaifungia mwaka 2005. Gari la zamani bado linaweza kuwa nayo. Namwomba kila fundi anayesoma hapa asipulize vumbi la klachi kwa upepo wa kompresa, na asiliache kwenye nguo anazorudi nazo nyumbani kwa watoto. Lipanguse kwa kitambaa kibichi.

Pleti huchaguliwa kwa vipimo vitatu: kipenyo cha nje, idadi ya meno ya kitovu, na unene wa shafti inayoingia hapo. Pleti mbili zinaweza kulingana kipenyo zikatofautiana meno, na isiyolingana meno haitaingia hata ukiipiga nyundo, na isipigwe. Kitovu nacho kina upande. Upande mmoja umechomoza zaidi, na mara nyingi pleti huandikwa ni upi wa kuelekea kwenye fulawili. Pleti nyingi zina springi ndogo kuzunguka kitovu, za kumeza mtikisiko wa kuondokea. Hizo springi zisilegee.

Kifuniko chenye springi ndicho kinachoitwa presha pleti, na jina hili ndilo linalonipa kazi kubwa zaidi. Fizikia yetu ya Kiswahili ina neno kanieneo kwa kani inayogawanywa juu ya eneo. Mtu angeweza kusema pleti ya kanieneo, na kwenye karatasi ya mtihani ingepata alama. Kaunta haipiti. Nilivutiwa pia na jozi ya pleti ya kubana na pleti ya kubanwa, kwa kuwa Kiswahili kinaweza kutofautisha mtendaji na mtendwa kwa sauti moja ya w. Uzuri wake ndio ubaya wake. Sauti hiyo moja ikimezwa na kelele za barabara au simu mbovu, umeletewa kipuri kingine. Istilahi za vitu viwili vinavyouzwa pamoja zisifanane. Chaguo langu ni kibanio cha klachi. Kibanio kila mtu anakijua, cha nywele au cha nguo kwenye kamba, na kazi ni ileile ya kubana na kuachia kwa springi. Ukilifupisha jina hilo unabaki na kibanio, na hakuna kingine ndani ya mfumo huu kinachofanana nalo.

Springi ya kibanio cha kisasa ni bamba moja pana la chuma cha pua, lililopasuliwa kuelekea katikati likawa na vidole. Hapa tuna neno lililokuwa linasubiri: kiwambo. Ngozi iliyowambwa kwenye ngoma ni kiwambo, na misuli inayotenganisha kifua na tumbo imeitwa hivyo pia. Springi ya kiwambo, basi, na vidole vyake. Fundi akikwambia vidole vimeliwa, uliza vimeliwa vyote sawa au kimoja kimekwenda chini. Kibanio kipya ukikiweka juu ya meza tambarare, ncha za vidole vyote zinapaswa kuwa kimo kimoja. Methali husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na muuzaji atavutia kwake. Macho yako ndiyo ya kuvutia kwako.

Beringi inayosukuma vidole hivyo huitwa rilizi beringi, na mimi ningesema beringi ya kuachia. Tafsiri hii haina mvutano wowote: ndicho kinachotokea. Izungushe mkononi: isikwaruze, isilie. Isioshwe kwa petroli, kwa sababu grisi yake imefungiwa ndani na petroli huitoa. Kwenye baadhi ya magari kuna beringi ndogo ya pili, inayoishika ncha ya shafti ya giaboksi ndani ya fulawili, na mafundi huiita paileti. Hapa mtafsiri mwenye haraka ataandika beringi ya rubani. Nitamtetea kidogo: kabla ya ndege, rubani wa pwani yetu alikuwa mtu wa kuongoza chombo, na beringi hii kweli huongoza shafti isiyumbe. Hata hivyo anayesikia rubani leo anatazama juu angani. Beringi ya ncha ya shafti ni jina refu, lakini halimpotezi mtu.

Magari ambayo klachi yake huendeshwa kwa mafuta badala ya waya yana silinda mbili, moja kwenye pedali na nyingine kwenye giaboksi. Kiingereza kiliziita kwa majina ya bwana na mtumwa. Mafundi wetu waliazima sauti za majina hayo, lakini wengi wamekwishayaacha na husema silinda ya juu na silinda ya chini. Katika pwani ambayo soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na vizazi vya waliouzwa pale bado vinaishi, nawashukuru mafundi hao. Walichagua kwa kuangalia mahali kitu kilipo. Kamusi iwafuate bila kusita.

Na vipuri vyote vitatu, pleti, kibanio na beringi, vikiwa ndani ya boksi moja, viitwe seti. Kuna jaribio la kuazima neno jingine la Kiingereza, lile fupi la sauti tatu, na kwa kanuni zetu lingegeuka kuwa kiti. Mtu hawezi kwenda kununua kiti cha klachi.

Majina ya magonjwa ya klachi yako katika hali bora kuliko majina ya sehemu zake, kwa sababu hapo tunatumia vitenzi. Klachi inateleza: injini inanguruma, gari haliongezi mwendo, na harufu ya kuungua inaingia ndani, hasa kwenye mpando kama ule wa kutoka Mombo kwenda Lushoto. Klachi haiachii: umekanyaga hadi chini na gia bado zinasaga kuingia. Klachi inashikia juu: pedali inakaribia kurudi yote ndipo gari linaondoka. Tazama ile i ya kutendea katika inashikia. Kiambishi kimoja kimesema mahali pa kushikia, na mahali hapo ni habari ya kitabibu. Kwenye gari la waya, utando ukiisha, mwanya wa pedali hupungua na sehemu ya kushikia hupanda juu. Fundi anayesikia neno hilo moja anajua aanzie wapi. Pengine waya unahitaji kurekebishwa tu, na hakuna giaboksi ya kushusha.

Tofauti ya kuteleza na kutoachia inastahili kufundishwa kila shule ya udereva. Ni magonjwa kinyume. Inayoteleza haishiki vya kutosha: utando umeisha, springi imechoka, au mafuta yamevuja kutoka kwenye oili sili ya injini yakalowesha pleti. Isiyoachia inashika kupita kiasi: waya umelegea, silinda inavuja, pleti imepinda au imekwama kwenye meno. Mteja anayesema tu "klachi mbovu" anamwachia fundi kubahatisha, na kubahatisha kwa fundi hulipiwa na mteja.

Neno linaloniudhi kweli katika biashara hii ni orijino. Madukani linabeba maana tatu. Kuna orijino iliyokuja kwenye boksi la kampuni iliyotengeneza gari. Kuna iliyotengenezwa na kampuni inayojulikana kwa klachi, kama Aisin na Exedy za Japani, LuK na Sachs za Ujerumani au Valeo ya Ufaransa, ikauzwa kwa boksi lake lenyewe; hii mara nyingi ni bora sawa na ile ya kwanza na bei yake ni nafuu. Na kuna iliyong'olewa kwenye gari lililotumika Japani, ambayo ni orijino kwa kuzaliwa na nusu imekwisha kwa umri. Ya tatu hiyo iitwe kwa jina lake, klachi ya mtumba. Milango, viti na taa za mtumba zina faida kwa mnunuzi. Kwa kipuri ambacho thamani yake yote ni unene wa utando uliobaki, mtumba haufai. Anayeuziwa orijino aulize swali moja tu: boksi la nani?

Namba pia ni istilahi, na ndiyo isiyokuwa na lahaja. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Yana namba fupi ya chasisi, na mwanzo wake ndio modeli. Carry ya DA63T ina injini ya K6A. Iliyoifuata mwaka 2013, DA16T, ina injini ya R06A. Kwa macho ya mpita njia zote ni kirikuu, na muuzaji akiambiwa kirikuu tu hana namna ya kujua ni ipi. Jina la mtaani lina upendo mwingi na habari chache.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lilianzishwa mwaka 1967, na limekuwa likisanifu istilahi za fani nyingi tangu miaka ya sabini. Katika muda wote huo mafundi wamekuwa wakisanifu za kwao, chini ya magari, na kazi yao imebaki midomoni. Ombi langu kwa BAKITA, kwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa VETA inayofundisha vijana ufundi magari, ni kwamba kamusi ndogo ya vipuri iandikwe ikianzia Gerezani, kisha Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, na gereji za Mombasa na Unguja. Waandikaji wake wakae kaunta wasikilize. Pale ambapo mafundi wana neno zuri, kama silinda ya juu na ya chini, lipokewe lilivyo. Pale mpangilio ulipogeuka, urudishwe. Pale neno linapofanana na jingine kwa hatari, litafutwe tofauti. Na kila jina liambatane na mchoro, kwa sababu mwanafunzi wa ufundi hujifunza kwa jicho.

Wewe unayekwenda dukani wiki hii usiisubiri kamusi hiyo. Beba pleti ya zamani mkononi, piga picha kibati cha namba ya chasisi, na mwambie muuzaji kwa ukamilifu: nataka seti ya klachi yenye pleti, kibanio na beringi ya kuachia, ya modeli hii, kipenyo hiki, meno haya. Akileta kibanio akasema hiyo ni presha pleti, mkubalie, ni kitu kilekile. Fulawili ikiwa na michirizi, ipelekwe ikakerezwe kabla ya kufungwa klachi mpya. Usikubali kununua pleti peke yake ili kuokoa pesa: giaboksi ikishashushwa, ufundi ni uleule kwa kipuri kimoja au kwa vyote vitatu.